Sura ya Sita: Nani Anaisoma Taarifa ya Mgonjwa wa Kisegi?

Swali ambalo wagonjwa wa vijijini hulirudia, wakati mwingine kwa sauti na mara nyingi kimoyomoyo, ni hili: jambo ambalo mtu amemweleza mhudumu wa afya, naye mhudumu akaliingiza kwenye simu, huenda wapi likitoka hapo, na nani mwingine hulisoma? Enzi za daftari swali hili lilikuwa na jibu jepesi, kwa kuwa daftari lilifungiwa kabatini, na aliyetaka kulisoma ilimlazimu aingie chumbani na aonekane akiingia. Siku hizi taarifa hiyohiyo huondoka kijijini kwa muda mfupi na kuhifadhiwa katika kompyuta ambazo hata mhudumu mwenyewe hajawahi kuziona, na mgonjwa hana namna ya kuifuata kwa macho.

Swali hilo lina uzito wa pekee Kisegi, eneo la Gwassi kando ya Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay na si mbali na mpaka wa Migori. Utafiti wa kitaifa kuhusu VVU uliofanywa nchini Kenya mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi hivyo, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.9. Ndiyo kusema kwamba sehemu kubwa ya taarifa zinazoingizwa katika programu za afya za eneo hili ni za aina ambayo ikivuja huweza kuvunja ndoa, kumkosesha mtu chumba cha kupanga, au kumfanya mvuvi atengwe na wenzake wa mashuani. Sura hii inafuata safari ya taarifa hizo, kinga zilizowekwa njiani na mahali ambapo kinga hizo hukoma. Hoja yake kuu ni kwamba wingu lenyewe, ambalo watu wengi hulishuku kwanza, mara nyingi ndilo sehemu iliyolindwa vizuri zaidi, na kwamba anayestahili kuhofiwa zaidi Kisegi ni yule anayemjua mgonjwa kwa jina.

Wingu ni nini hasa

Katika lugha ya teknolojia, wingu ni jina la kompyuta nyingi zenye nguvu zilizokusanywa katika majengo maalumu na kukodishwa kwa wengine kupitia intaneti. Kompyuta ya aina hiyo, inayofanya kazi usiku na mchana kuvihudumia vifaa vingine, huitwa seva, na jengo linalozihifadhi huitwa kituo cha data. Wizara, kaunti au shirika hukodi nafasi katika seva hizo badala ya kununua zake, kuzitafutia umeme usiokatika na kuajiri mafundi wa kukesha nazo. Microsoft ilifungua vituo vyake vya wingu Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua vyake Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024; kabla ya hapo, mteja wa Afrika Mashariki aliyekodi kwa kampuni hizo kwa kawaida alihudumiwa kutoka Ulaya au mbali zaidi.

Jambo ambalo wauzaji wa huduma hizi hulieleza kwa herufi ndogo ni mgawanyo wa wajibu. Kampuni inayokodisha huwajibika kwa jengo, mitambo, umeme na walinzi wa mlangoni, lakini aliyekodi ndiye anayewajibika kuamua nani apewe ruhusa ya kuingia katika programu, aone nini, na afutwe lini akishaacha kazi. Taarifa nyingi zilizovuja duniani kutoka mawinguni zilivuja kwa sababu mteja aliacha mpangilio fulani wazi, wala hakuna aliyevunja kitu.

Si kila taarifa ya mgonjwa wa Kisegi hufika katika wingu, na hata zinazofika hazifiki zikiwa na sura moja. Mifumo mitatu inapaswa kutenganishwa:

- Mfumo wa taarifa za afya ya jamii, unaojulikana kwa kifupi kama eCHIS, ambao hutumiwa na wahamasishaji wa afya ya jamii katika simu zao. Huu hubeba majina ya kaya, wajawazito na watoto.
- KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika mwaka 2012 katika kliniki za VVU, ambao katika vituo vingi hukaa kwenye seva iliyomo ndani ya kituo chenyewe, kisha sehemu ya taarifa zake hutumwa kwenye hazina ya kitaifa.
- DHIS2, ambayo Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011 na ambayo hupokea jumla za kila mwezi tu, kama vile idadi ya waliopimwa au waliojifungua, bila jina la mtu yeyote.

Mifumo hii haikushuka kutoka ughaibuni ikiwa tayari. KenyaEMR imejengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha, na mizizi mikuu ya OpenMRS iko katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ambako rekodi za wagonjwa zilianza kuwekwa kwenye kompyuta mwaka 2001. Mfumo wa jamii nao ulichukua nafasi ya fomu za karatasi ambazo wahudumu wa kujitolea walizibeba kwa miaka mingi kwenye mifuko ya plastiki ili zisilowe: MOH 513 ya kuorodhesha kaya, MOH 514 ya huduma za kila siku na MOH 515 ya muhtasari. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahamasishaji wapatao laki moja nchini kote na kuwakabidhi vifaa, simu ikiwa mojawapo. Kwa hiyo yule ambaye wengi wa Luo Nyanza humwita nyamrerwa sasa ndiye mlango wa kwanza wa taarifa kuelekea kwenye wingu.

Kwa nini zisibaki kituoni

Msomaji anaweza kuuliza kwa haki kabisa kwa nini taarifa nyeti kiasi hicho zisibaki kwenye kabati la hospitali ya Kisegi. Jibu linapatikana ziwani. Mvuvi hufuata samaki, na samaki hawaheshimu mipaka ya kaunti: msimu mmoja yuko Gwassi, mwingine yuko Sori au Muhuru upande wa Migori, mwingine yuko Mfangano au Remba. Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU hapaswi kukosa dozi, na akifika ufuoni mgeni bila kadi, mhudumu wa huko huhitaji kujua alianza dawa lini, anatumia mchanganyiko upi na kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi kilisemaje. Daftari la Kisegi haliwezi kumfuata. Tena daftari huloa, huliwa na mchwa na huungua, na likiungua hakuna nakala.

Kwa hiyo hoja ya kuwa na rekodi zinazosafiri ni nzito, na anayeipinga moja kwa moja kwa jina la siri anapaswa kueleza mvuvi huyo atafanywaje.

Safari ya rekodi moja

Tuseme mhamasishaji amemtembelea mama mjamzito nyumbani na anajaza fomu katika simu. Kinga ya kwanza huanza kabla hajamaliza kuandika, nayo ni uhakiki, yaani programu kukagua kama kilichoandikwa kinawezekana. Tarehe ya kuzaliwa iliyo mwakani hukataliwa, umri wa ujauzito wa wiki 60 hukataliwa, na nafasi ya namba haipokei herufi. Uhakiki mzuri hauwi mkali kupita kiasi: wazee wengi hawajui tarehe yao ya kuzaliwa, na OpenMRS huruhusu umri wa kukadiria na kuweka alama kwamba ni makadirio, badala ya kumlazimisha karani abuni siku ya uongo.

Kuna uhakiki mwingine usioonekana, nao una uhusiano wa ajabu na majina ya eneo hili. Hifadhidata ni ghala la taarifa lililopangwa kwa safu na nguzo, na nyingi kati yake, ikiwemo ile ya OpenMRS, huamrishwa kwa lugha iitwayo SQL. Katika lugha hiyo, alama ndogo ya ritifaa huonyesha mahali maandishi ya mtumiaji yanapoanzia na kuishia. Sasa jina Ochieng' lina ritifaa mwishoni, na Ng'ong'a lina mbili. Programu iliyojengwa kizembe, ambayo huchukua alichoandika mtu na kukichomeka moja kwa moja ndani ya amri, ikifika kwenye ritifaa ya Ochieng' hudhani maandishi yamekwisha na kinachofuata ni amri mpya, kisha hukwama. Jambo hilo linaonekana kama kero ya makarani, lakini ndilo tundu lilelile ambalo wahalifu hulitumia wanapoandika kwa makusudi, katika nafasi ya jina, maneno yanayoiamuru hifadhidata itoe siri zake zote. Dawa yake inajulikana tangu zamani: programu hupeleka amri peke yake na maandishi ya mtumiaji peke yake, ili maandishi yasiweze kamwe kusomwa kama amri. Mhandisi wa Nairobi anayeijaribu programu kwa majina kama Kamau na Wanjiru pekee huenda asilione tundu hilo. Akiijaribu kwa majina ya Homa Bay, ataliona asubuhi ya kwanza.

Baada ya kuhakikiwa, rekodi huhifadhiwa kwanza ndani ya simu. Mfumo wa jamii wa Kenya umejengwa juu ya zana huria zilizobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya maeneo yenye mtandao hafifu, na katika vilima vya Gwassi ubunifu huo si anasa. Mhudumu huendelea kujaza fomu kutwa nzima bila intaneti, na akifika mahali penye mtandao simu hulinganisha kilichomo ndani yake na kilichomo kwenye seva, kisha kila upande hujazwa ulichopungukiwa nacho. Kitendo hicho huitwa ulandanishi. Ikitokea kwamba simu mbili zimebadilisha rekodi moja wakati zote hazina mtandao, hifadhidata ya mfumo huu haifuti toleo lolote kimyakimya: huteua moja liwe la kuonyeshwa na kulitunza la pili hadi mgongano usuluhishwe. Uwezo huo wa kufanya kazi bila mtandao una bei yake, kwa kuwa kila simu sasa ni tawi dogo la hifadhidata, likiwa na majina ya kaya zote za mhudumu huyo, na linaweza kusahauliwa kwenye matatu.

Njiani kati ya simu na seva, rekodi hufanyiwa usimbaji fiche, ambao ni ufundi wa kugeuza maandishi yawe mfululizo wa alama zisizosomeka kwa kutumia namba ndefu ya siri iitwayo ufunguo. Mtu anayenasa mawasiliano hayo hewani, hata akiwa mfanyakazi wa kampuni ya simu, huona alama hizo tu. Ikifika kwenye seva husimbwa tena ili ikae salama diskini, kwa kawaida kwa njia iitwayo AES, iliyokubaliwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2001, ambayo ufunguo wake wa biti 256 una michanganyiko mingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 78. Hakuna kompyuta inayoweza kuijaribu yote. Funguo zenyewe hazipaswi kukaa mahali pamoja na taarifa, na hapo ndipo uzembe wa binadamu hurudi, kwa maana ufunguo bora kabisa ukiachwa kwenye faili lililo kando ya hazina hauna faida.

Neno la siri la mhudumu hushughulikiwa kwa njia nyingine. Seva nzuri hailihifadhi kabisa. Hulisaga kwa hesabu ya upande mmoja na kuhifadhi kilichosagwa, kama mahindi yanavyosagwa yakawa unga usioweza kurudishwa kuwa punje. Mhudumu akiandika neno lake kesho, husagwa upya na unga mpya hulinganishwa na ule wa awali. Kutokana na hilo msomaji anapata kipimo chepesi cha ubora wa mfumo wowote: ukibonyeza kwamba umesahau neno la siri, na mfumo ukakutumia neno lako lilelile la zamani, basi ulikuwa umelihifadhi lilivyo, na mfumo wa namna hiyo haufai kuaminiwa na siri ya mtu.

*Kwa ufupi:* rekodi huhakikiwa inapoandikwa, huhifadhiwa kwanza simuni, husimbwa njiani na husimbwa tena katika seva. Sehemu dhaifu katika safari hiyo ni simu yenyewe na mahali funguo zinapowekwa.

Jirani kuliko mwizi wa mbali

Kinga zote zilizoelezwa hadi sasa zilibuniwa dhidi ya mgeni: mtu asiyemjua mgonjwa, aliye mbali, anayetaka taarifa za maelfu ili aziuze. Mgeni huyo yupo, na hapaswi kupuuzwa. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliifurikisha tovuti ya eCitizen ya serikali ya Kenya kwa maombi ya uongo hadi huduma nyingi zikakwama. Serikali ilisema hakuna taarifa zilizopotea, na kwa hakika shambulio la aina hiyo kazi yake ni kuziba mlango, wala haliingii ndani. Lakini mama wa Kisegi akiulizwa anamficha nani, hamtaji mdukuzi wa nchi ya mbali. Humtaja wifi yake, mwenye nyumba wake, mwenzake wa chama, au karani ambaye ni binamu ya mumewe.

Dhidi ya mtu huyo usimbaji hausaidii, kwa kuwa huyo ana ruhusa ya kuingia au amekaa karibu na mwenye ruhusa. Kinachosaidia ni mambo mawili. La kwanza ni mgawo wa ruhusa, yaani kila mtumiaji kuona kile tu kinachohitajika kwa kazi yake: mhamasishaji huona kaya za eneo lake, msimamizi wake huona za kitengo chote cha jamii, na ofisa wa takwimu wa kaunti huona jumla bila majina. La pili ni kumbukumbu za matumizi, ambazo huandika nani alifungua rekodi ipi na saa ngapi. Hapa wingu linalishinda daftari waziwazi, kwa sababu daftari likifunuliwa na mtu asiyehusika halibaki na alama ya kidole, ilhali mfumo huandika. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hizo hazina maana iwapo watumishi watano wa zamu hutumia neno la siri moja lililobandikwa pembeni ya skrini, kwani baadaye zitaonyesha jina la mtu ambaye siku hiyo huenda hakuwa hata kazini. Kutumiana neno la siri huitwa ushirikiano mwema katika vituo vyenye watumishi wachache, na katika hali nyingi wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wanataka foleni isogee.

Alama nazo husema hata pale jina lisipotajwa. Mgonjwa anayeandikishwa katika kliniki ya VVU hupewa namba ya tarakimu kumi, ambapo tano za kwanza ni msimbo wa kituo chake katika orodha kuu ya vituo vya afya nchini na tano za mwisho ni namba yake ya mfuatano. Namba hiyo haina jina, lakini kuwa nayo tu kunatangaza hali ya mwenye nayo, na hata kituo anachohudumiwa. Anayepiga picha skrini kuomba msaada wa fundi katika kundi la WhatsApp, akalifunika jina na kuiacha namba, ameficha nusu tu.

Hata jumla zisizo na majina huweza kusema. Ripoti ya mwezi ikionyesha kwamba katika kituo kidogo mama mmoja tu mwenye VVU alijifungua, na kijiji kizima kinajua kwamba waliojifungua mwezi huo walikuwa wawili, basi takwimu hiyo imemkaribia mtu mno. Ndiyo maana wataalamu wa takwimu huficha idadi ndogo, kwa mfano kwa kuandika tu kwamba ni pungufu ya tano, kabla ya kuichapisha. Kanuni hiyo hurahisika Nairobi na huwa muhimu zaidi kadiri kijiji kinavyokuwa kidogo.

Mfano ulio wazi zaidi wa hatari ya mtu wa ndani ulitokea mbali na Afrika. Januari 2019 serikali ya Singapore ilitangaza kwamba majina na taarifa za watu 14,200 waliokuwa kwenye rejista ya kitaifa ya VVU yamevuja katika intaneti. Singapore ni nchi tajiri yenye wahandisi hodari, na rejista yake haikudukuliwa kutoka nje. Aliyevujisha alikuwa mpenzi wa daktari aliyewahi kuwa na ruhusa halali ya kuifungua. Baada ya mtu kupakua orodha nzima kwenye faili moja, ulinzi wote wa seva hubaki nyuma, na faili hilo huweza kunakiliwa mara elfu. Kwa mantiki hiyo, kitufe kinachostahili kuogopwa kuliko vyote katika mfumo wa afya ni kile kidogo cha kutoa taarifa zote kwenda kwenye jedwali la Excel, na kaunti inayotaka kujua usalama wake ingeanza kwa kuhesabu ni wangapi wanaoweza kukibonyeza.

Agizo la 2015 na hukumu ya 2016

Wakati mwingine anayetaka orodha ni serikali yenyewe. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba makamishna wa kaunti wakusanye taarifa za watoto wote wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, pamoja na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, yaani kupanga huduma kwa takwimu za kweli, lakini jedwali lililotumika liliunganisha mtu na hali yake, na wakusanyaji hawakuwa wahudumu wa afya. Shirika la KELIN, linalotetea haki zinazohusu afya, na wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha iliyo katika kifungu cha 31 cha Katiba pamoja na maslahi ya mtoto yanayolindwa na kifungu cha 53, akaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa misimbo ndani ya siku 45 ili yasiweze kuhusishwa na hali ya mtu.

Uamuzi huo una thamani kwa mjadala wa wingu ingawa hauzungumzii teknolojia. Mahakama haikukataza kuhesabu. Ilikataza kuhesabu kwa namna inayoacha jina na hali ya mtu vikae katika mstari mmoja mbele ya asiyehusika na matibabu yake. Mhandisi anayetenganisha hifadhidata ya majina na ile ya vipimo, akaziunganisha kwa msimbo unaofunguliwa na wachache, anafanya kwa programu jambo lilelile ambalo jaji aliliagiza kwa kalamu.

Sheria inayoshika wingu

Miaka mitatu baadaye, Novemba 2019, Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Sheria hiyo huziita taarifa za afya taarifa nyeti, na huagiza zishughulikiwe chini ya wajibu wa mtoa huduma za afya au mtu anayebanwa kisheria kutunza siri. Humtofautisha pia mdhibiti wa data, yaani anayeamua taarifa zikusanywe kwa nini na vipi, kama vile wizara au hospitali, na mchakataji wa data, anayezishughulikia kwa niaba yake, kama vile kampuni ya wingu. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, mchakataji ana saa 48 kumweleza mdhibiti, naye mdhibiti ana saa 72 kumweleza Kamishna. Faini ya kiutawala huweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kilicho kidogo kati ya viwili, na maneno hayo ya mwisho huifanya adhabu iwe nzito kwa kituo cha misheni na nyepesi kwa kampuni kubwa.

Mgonjwa, ambaye sheria humwita mhusika wa data, ana haki ya kuelezwa taarifa zake zitatumiwaje, kuziona, kuzirekebisha zikiwa na kosa, kupinga matumizi yake na kuomba zilizo za uongo au za kupotosha zifutwe. Haki ya kurekebisha ndiyo inayosahauliwa zaidi, ingawa kosa la karani huweza kudhuru kama uvujaji: namba mbili zikibadilishana nafasi, kipimo cha mtu mmoja huingia katika rekodi ya mwingine, na mfumo uliosimbwa vizuri kabisa hulinda kosa hilo kwa uaminifu uleule.

Seva iko wapi, na nani hulipa

Sheria ya 2019 inamruhusu waziri kuagiza kwamba taarifa za aina fulani zishughulikiwe kwenye seva zilizo ndani ya Kenya. Wanaounga mkono wazo hilo husema kwamba mahakama ya Kenya haiwezi kupiga hodi kwenye kituo cha data kilicho nchi nyingine, na huongeza kwamba njia ya kufika huko si ya uhakika: Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika, intaneti ilidorora Kenya, Tanzania na nchi jirani. Wanaosita hujibu kwamba seva mbovu iliyo karibu si salama kuliko nzuri iliyo mbali. Pande zote mbili zina hoja, ila swali la fedha huwaponyoka. Huduma nyingi za VVU katika Nyanza zilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa PEPFAR ulioanzishwa mwaka 2003, na misaada ya nchi hiyo ilipositishwa ghafla Januari 2025, ilidhihirika kwamba seva ambayo kodi yake hulipwa na mradi huweza kubaki bila mlipaji kati ya asubuhi na jioni. Wingu halitunzi taarifa za asiyelipa.

Desemba mwaka huohuo Kenya na Marekani zilitia saini mkataba mpya wa ushirikiano wa afya, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda kipengele cha kuhamisha taarifa za afya za Wakenya, kufuatia ombi la shirikisho la watumiaji bidhaa, COFEK. Mjadala huo ulijaza magazeti ya Nairobi, nao ulistahili. Hata hivyo kwa mgonjwa wa Kisegi mlango wa malalamiko uko karibu zaidi ya huo. Akiamini kwamba rekodi yake imefunguliwa na asiyehusika, anaweza kukitaka kituo kieleze nani aliifungua na lini, kwa kuwa kumbukumbu za matumizi zipo kwa kazi hiyo. Asiporidhika, anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye hupaswa kulichunguza na kulimaliza lalamiko ndani ya siku 90. Sheria haimdai barua wala wakili: lalamiko linaweza kutolewa kwa mdomo, na ofisi ya Kamishna ndiyo inayowajibika kuliandika.